Maktaba ya Zamani ya Mwalimu Cuthbert

Jumatatu ile ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mikorosho, na harufu ya salfa ya kuipulizia ilikuwa imetanda kijiji kizima. Bibiana aliwasha kompyuta ya kituo cha afya kama alivyoiwasha kila siku ya kazi kwa miaka miwili, akabonyeza kile kipicha cha kopo la dawa, akasubiri. Siku zote orodha ilikuwa inafunguka kabla hajamaliza kuifunga khanga yake vizuri. Siku hiyo kilikuja kisanduku kidogo cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza, kikakaa hapo katikati kama mgeni asiyesema shida yake. Akakifunga. Akabonyeza tena. Kikarudi kilekile.

Orodha hiyo ilikuwa ya watu mia tatu na sita wanaotumia dawa za kurefusha maisha. Jina, umri, uzito, aina ya dawa, siku ya mwisho kuchukua. Kila mwezi ilichapwa ikapelekwa Mtwara kwa gari la misheni, na dawa zilirudi kwa kadiri orodha ilivyosema. Bila orodha stoo ya Mtwara haikutoa hata kidonge. Gari lilikuwa linaondoka Alhamisi asubuhi. Na mtu wa themanini na moja katika orodha alikuwa Gift, miaka minne, kilo kumi na mbili, dawa ya maji. Ni mtoto wa Bibiana mwenyewe. Chupa yake kule nyumbani ilikuwa imebakiza ya siku tisa.

Mganga Nurdin, mkuu wa kituo, alikuja akainama nyuma ya kiti chake.

"Inasemaje?"

"Sijui, daktari. Haitaki."

"Daftari je?"

Jibu wote wawili walikuwa nalo. Tangu kompyuta ije, daftari liliachwa kujazwa. Lile la zamani liliwekwa chini ya meza, na mchwa wakalila mpaka jalada.

Bibiana alizaliwa Mkunya, akasoma mpaka darasa la saba, akafaulu, lakini mwaka ule nafasi zilikuwa chache na jina lake halikuwapo. Akaolewa na Ambrosi, mtu mpole, mpiga randa. Ambrosi alipoanza kuugua walipimwa wote wawili, na Gift akiwa tumboni, wakakutwa na virusi. Ambrosi akaanzishiwa dawa, akanenepa, akarudia kuimba akiwa kazini. Msimu wa korosho ulipofika akaenda Makote kuokota korosho za watu. Dawa zikamwishia huko, akasema atachukua akirudi. Alikaa wiki tano bila dawa. Aliporudi akaanzishiwa tena, lakini mwili ukawa hauzisikii. Nesi alimweleza Bibiana taratibu kwamba ugonjwa ukishapata nafasi ya kupumua, huzizoea dawa. Ambrosi akazikwa kabla mikorosho haijatoa maua mengine. Kwa hiyo mtu akimwambia Bibiana "wiki tatu tu bila dawa si kitu," alikuwa anamsikiliza mpaka amalize, halafu anaondoka.

Kituoni aliingia kama mfagiaji. Mwalimu Cuthbert ndiye aliyemtoa kwenye ufagio. Huyu alikuwa mtu wa Masasi, wa ukoo wa watu wa misheni tangu mababu. Alifundisha hesabu miaka mingi, kisha akajifunza kompyuta kwa vitabu alivyotumiwa kwa posta. Mashine iliyotolewa msaada na wazungu wa parokia ndiye aliyeifunga, akaiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiohitaji kununuliwa leseni, na programu ya orodha ya dawa akaitengeneza kwa mkono wake. Alipomwona mfagiaji anafuta vumbi la salfa kwenye vitufe huku anasoma herufi kimyakimya, akamvutia kiti.

Sasa mwalimu alikuwa na miezi mitano hajaonekana. Walisema anaumwa kifua.

Wiki mbili nyuma alikuja kijana msomi kutoka Dar es Salaam, Christopher, kujitolea siku kumi na nne. Kituo kilikuwa kimepewa printa mpya na printa ikawa haielewani na mashine. Ijumaa jioni Christopher akatoa CD zake, akaipandisha mashine daraja, akaiwekea mambo mapya yote. Printa ikatema karatasi safi, watu wakapiga makofi. Jumamosi akaagwa kwa kuku. Hakuna aliyekumbuka kuifungua orodha.

Jumanne Bibiana alimwacha Gift kwa Stamili, mwanamke aliyeushika ufagio baada yake, akateremka Masasi. Nyumba ya mwalimu iko Mkomaindo, nyuma ya genge la akina mama wauza samaki wakavu. Mlangoni alimkuta Agnes, dada yake, anachambua kisamvu.

"Hodi hapa."

"Karibu. Ila mwalimu amelala, hapokei wageni."

Sauti ikatoka ndani, nyembamba. "Nani kasema nimelala? Nimelazwa, sijalala. Mwache apite, huyo ni mwanafunzi wangu."

Bibiana aliinama kuingia. Akajizuia uso usionyeshe kitu. Mtu aliyekuwa akijaza mlango sasa alikuwa mikunjo tu ya shuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Na usiniangalie hivyo, sijaanza kunuka. Gift hajambo?"

"Hajambo. Amebakiza ya siku nane."

Mwalimu akanyoosha mkono. Bibiana akampa karatasi ambamo alikuwa ameyanakili yale maneno ya kisanduku, herufi moja moja, jinsi fundi anavyoandika jina kwenye msalaba. Mwalimu akasoma.

"Nani kaishika mashine yangu?"

"Kaka Christopher, wa Dar."

"Akaipandisha."

"Akaipandisha."

"Kwa ajili ya printa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Vijana wa mjini hawa! Mtu anabomoa ukuta wote apate pa kutundika kioo." Akakohoa, Agnes akaingia na kikombe, akatoka. "Sikiliza. Mle ndani kuna kitu tunakiita maktaba. Si ya vitabu. Ni fungu la kazi ndogondogo: kufungua faili, kuandika herufi, kutaja saa. Kila programu huziazima humo badala ya kuja na zake. Sasa huyu bwana ameleta maktaba mpya. Printa imefurahi. Ila programu yetu niliijenga juu ya ile ya zamani. Inaomba kitu kwa jina ililozoea, inaambiwa hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Basi niitoe mpya, nirudishe ya zamani."

Mwalimu akainua kidole kimoja. "Hivyo ndivyo nilivyoua mashine ya ofisi ya watu, mwaka wa kwanza kabisa. Nilitoa mpya. Nikasema sasa niweke ya zamani. Nikaandika amri ya kunakili, ikagoma. Ya kuhamisha, ikagoma. Hata ya kuonyesha tu kilichomo. Maana hiyo amri ya kunakili nayo ni programu, nayo inaazima kwenye maktaba ileile niliyoitoa. Nikakaa mbele yake na CD mkononi, kama mpishi mwenye unga na maji tayari, ila mikono hana. Wakaniambia mwalimu, ulisema dakika tano."

Bibiana akasema, kama anayejisemea:

"Kwetu Mkunya, bibi Sijaona hakuwa anamwaga maji ya jana."

"Eleza."

"Maji tulikuwa tunayafuata bondeni. Unatoka alfajiri, unarudi jua la utosi. Ukirudi, maji yaliyobaki mtungini unayahamishia chungu kidogo, unakifunika. Ndipo unausafisha mtungi, unatia mapya. Bibi anayaonja yeye kwanza. Tunasubiri mpaka kesho yake, tumbo la mtu lisiume. Ndipo yale ya chunguni wanapewa kuku. Siku zote vilikuwa vyombo viwili. Maana mapya yakiwa mabaya na ya jana umeshayamwaga, utarudi tena bondeni na kiu?"

Mwalimu alicheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu, na kitambaa alichofutia mdomo akakikunja haraka upande wa ndani. Bibiana aliuona wekundu.

"Andika hivyohivyo," mwalimu akasema alipopata pumzi. "Vyombo viwili. Hatuishushi mashine nzima, mama. Tunaishusha programu moja tu. Toa daftari."

Akatoa CD chini ya mto, akamsomea polepole, na Bibiana akaandika kwa kalamu nyekundu. Kabla ya yote, orodha yenyewe inakiliwe kwenye flashi na flashi ichomolewe, iwekwe mfukoni. Pili, umeme uwe wa kutosha. Betri ikiwa chini, usianze. Tatu, fungua dirisha moja, ingia kwa nenosiri la mkuu wa mashine, uliache wazi hivyohivyo mpaka mwisho, liwe mlango wa kurudia. Nne, tengeneza folda mpya, ndani yake mimina maktaba ya zamani kutoka CD hii, na ile mpya usiiguse, usiipe jina jingine, usiisogeze. Tano, ifungue programu ya dawa peke yake kwa amri ndefu hii, inayoiambia: wewe azima kule kwenye folda, wengine waendelee kuazima walikozoea. Ikikubali, ndipo uiandike amri hiyo kwenye kile kipicha cha kopo.

"Na kama isipokubali?"

"Utafuta folda, utakuwa hujaharibu kitu. Hiyo ndiyo raha yake."

Aliposimama kuaga, macho yake yakaangukia dirishani. Palikuwa na bahasha ya hospitali ya mbali, imepauka kwa jua, na ndani yake imechungulia kadi ya vipimo ya rangi anayoijua, kama ile ya Ambrosi. Alikuwa mtu wa kuona mambo na kuyaacha yalipo. Hili hakuweza kuliacha.

"Mwalimu. Wewe dawa unachukulia wapi?"

"Dawa gani?"

Bibiana akaendelea kusimama.

Mwalimu akageuza uso ukutani. "Orodha ile nimeitengeneza mimi, Mama Gift. Najua inavyosomwa. Kila anayefuta meza pale ofisini anaisoma."

"Aliyekuwa anafuta meza ni mimi."

Nje Agnes aliacha kuchambua kisamvu.

"Mashine ikifunguka," Bibiana akasema, "nikuandike?"

Alijibu akiuangalia ukuta. "Ikifunguka. Chukua hiyo kadi."

Jumatano ukungu uligoma kuondoka. Mashine ya kituo ilikula umeme wa jua, na taa ya betri ilikuwa ya njano. Bibiana alinakili orodha kwenye flashi, akaichomoa, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akakaa, mikono mapajani.

Mganga Nurdin alipita mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akaingia.

"Unasubiri nini sasa? Saa nne hii."

"Nasubiri taa iwe ya kijani, daktari."

"Si utoe hiyo mpya, uweke ya zamani, kwisha? Gari kesho saa kumi na mbili!"

"Mwalimu amekataza."

"Mwalimu yuko kitandani Masasi. Mimi ndiye niko hapa na watu mia tatu."

"Na sita," Bibiana akasema. Hakuinua sauti, wala hakuinuka.

Nurdin alimtazama kama anayemwona leo. Akatoka.

Saa sita kasoro jua likachomoza, taa ikawa ya kijani. Bibiana akafungua dirisha la mkuu, akaliacha wazi. Akatengeneza folda. Akatia CD, ikalia kama nyuki ndani ya mzinga, akaanza kumimina. Aliandika kila mstari, akausoma na kidole daftarini, akausoma tena kwenye kioo, ndipo akabonyeza. Mafaili yakaingia. Akaanza kuandika ile amri ndefu. Alikuwa ameifikisha nusu nesi alipoita kutoka uani.

"Mama Gift! Njoo, mtoto anatapika!"

Alisimama kiti kikaanguka. Gift alikuwa ameketi kwenye ngazi, mdomo umepauka, amekula mabibo mabichi aliyopewa na watoto wenzake. Bibiana akamwosha, akampa maji kwa kijiko, akamshika paji la uso. Halikuwa na joto. Akakaa naye mpaka rangi ikarudi. Hakujua alikaa kiasi gani.

Sasa pale kituoni kulikuwa na sheria moja ambayo hata mgonjwa aliijua: anayetoka chumbani anazima, na asipozima, atakayepita azime. Mwaka jana betri ziliisha katikati ya kumshona mama aliyejifungua, na tangu hapo hakuna aliyeichezea sheria hiyo. Bibiana aliporudi alikuta kioo cheusi, kimefunikwa kile kitambaa chake cha maua, na Stamili anafagia chini ya meza.

"Nimekuzimia, mdogo wangu," Stamili akasema. "Niliona hakuna mtu na jua limeingia wingu. Nilibonyeza pale pale kwenye kitufe, nikashikilia mpaka ikanyamaza."

Mlango wa kurudia ulikuwa umefungwa, tena kwa nguvu, katikati ya kazi. Alimfikiria mwalimu na CD mkononi mbele ya mashine iliyokufa. Alimfikiria Ambrosi anarudi kutoka Makote na gunia begani, anacheka.

"Nimekosea?" Stamili akauliza, ufagio umesimama.

"Hapana, dada. Ndiyo sheria yetu."

Akakitoa kitambaa. Akabonyeza. Mashine ikalia mlio wake mmoja. Maandishi meupe yakaanza kushuka, na Bibiana akawa anayatazama jinsi mtu anavyotazama kifua cha mtoto mgonjwa, kama kitapanda tena. Yakasimama. Alishika ukingo wa meza. Yakaendelea. Ikaja picha ya milima ya Christopher, ikaja saa kwenye kona, vikaja vipicha vyote mahali pake. Maktaba mpya ilikuwa palepale ilipokuwa, hakuna aliyeigusa, na mashine iliamka kwa hiyo bila kujua kwamba ilikuwa hatarini. Folda nayo ilikuwapo, na ya zamani ndani yake.

Angefanya kama Nurdin alivyotaka, Stamili angekuwa amezima mashine isiyo na maktaba hata moja. Bibiana aliwaza hivyo mara moja, akaacha, maana kazi ilikuwa haijaisha.

Akafungua tena dirisha la mkuu. Akaandika amri ndefu kutoka mwanzo. Akabonyeza.

Orodha ikafunguka. Mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaishusha kwa kidole mpaka themanini na moja, akakaa hapo kidogo. Ndipo akaenda mwisho kabisa, chini ya mia tatu na sita, akatoa kadi kwenye bahasha iliyopauka na kuandika: Cuthbert Yoeli, miaka arobaini na saba. Penye uzito aliandika thelathini na nane, akaifuta akidhani ameisoma vibaya, akaitazama tena kadi, akairudisha.

Printa mpya ilichapa yote bila neno. Nurdin alipokea karatasi, akazipitia, akafika ya mwisho. Akasoma jina. Aliivua miwani akaifuta kwa koti.

"Kumbe na mwalimu," akasema.

"Asisikie mtu, daktari."

"Asisikie mtu."

Gari liliondoka Alhamisi. Ijumaa Bibiana alimtumia mwalimu salamu kwa dereva wa pikapu: imefunguka, na nimeandika. Dereva alirudi na jibu la Agnes kwamba mwalimu amesikia, amesema vizuri, na ameuliza kama mpya bado ipo. Bibiana akatuma tena: ipo, vyombo viwili. Hakujua kama hiyo ilimfikia. Mwalimu Cuthbert alifariki Jumapili watu wakiwa kanisani, akazikwa Jumatatu, na mahubiri yalisema ni kifua.

Dawa zilifika Jumanne. Bibiana na nesi waligawa makopo kwa kufuata orodha, kila kopo likiandikwa jina kwa kalamu. Kazi ilipokwisha likabaki moja mezani. Nesi aliligeuza, akasoma alichoandika Bibiana, akaliweka chini taratibu na kwenda kuwatazama wagonjwa wake.

"Huyo itabidi umwondoe," Nurdin akasema kutoka mlangoni, akitazama kwingine. "Kopo lake linarudi stoo. Na orodha ya mwezi ujao ikienda na mtu aliyefariki, watatilia shaka orodha nzima."

"Najua, daktari."

Alifungua orodha. Kwanza akafungua pindo la khanga, akatoa flashi, akainakili orodha yote ilivyo, watu mia tatu na saba, akaandika tarehe. Akaichomoa, akaifunga tena pindoni. Ndipo akarudi mpaka chini, akaliwekea kidole jina, akalifuta. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Jioni alimpakata Gift ugani, akavuta dawa ya maji kwa bomba kutoka chupa mpya. Ile ya zamani, yenye ya siku moja, ilibaki imefungwa kwenye kikapu cha vyombo. Gift alimeza, akakunja uso wote.

"Chungu."

"Meza mate."

"Baba naye alikuwa anameza?"

Bibiana alimfuta mdomo kwa pindo la khanga, akakisikia kile kitu kigumu kilichofungwa humo.

"Alikuwa anameza," akasema. "Lala."